Mota za geti Ziwa Mweru: Tusizike kilicho hai

USIKU mmoja wa mwaka 2024 niliingia Nchelenge nikitokea Mansa, mji ukiwa gizani kwa mgawo wa umeme. Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya wageni iliyo kando ya Ziwa Mweru, upande wa Kashikishi. Dereva akapiga honi, mlinzi akabonyeza rimoti. Geti halikusogea. Akabonyeza tena, akaipiga rimoti kwenye kiganja, akabonyeza mara ya tatu. Kimya.

Upande wa ndani kulikuwa na gari jingine lililotaka kutoka. Ndani yake walikuwamo baba, mama na mtoto mwenye homa kali, wakienda hospitali. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazosumbuliwa sana na malaria, na kule homa ya mtoto haisubiri kupambazuke. Ufunguo wa kuiachia mota ili geti lisukumwe kwa mkono alikuwa nao meneja, na meneja alikuwa Mansa. Mwishowe wazazi wale walipita na mtoto wao kwenye mlango mdogo wa waenda kwa miguu, dereva wangu akageuza gari akawapeleka.

Asubuhi akaitwa fundi. Aliitazama mota kwa dakika chache, akatoa hukumu: imekufa, inunuliwe mpya kutoka Lusaka. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari ameshika simu kuagiza. Bahati ikawa kwamba palikuwa na mgeni mwingine, kijana mfanyabiashara wa Pweto aliyewahi kufanya ufundi Lubumbashi. Aliomba kipimo cha umeme, akafungua kifuniko, akapima.

"Mama, mota haijakufa," akasema. "Betri ndiyo imekufa."

"Una hakika, mwanangu?"

Hakujibu. Alichomoa betri ya pikipiki iliyokuwa uani, akaunganisha nyaya mbili. Geti likafunguka.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kinahusu pesa za watu wengi wanaosoma ukurasa huu. Wapo waliorejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi au ya kazi ugenini, wakajenga na kuweka geti la umeme. Wapo pia wanaovusha bidhaa kati ya Nchelenge, Chiengi, Pweto na Kilwa ya Kongo, na sasa mota hizi zimo katika mizigo yao. Wote wawili wanapoteza fedha kwa jambo moja: tunanunua mashine bila kununua maarifa ya kuitunza.

Tusidanganyane. Mota za geti si nyingi Nchelenge kama zilivyo Lusaka, Ndola au Lubumbashi, ambako nyumba nyingi za watu wenye uwezo na mitaa yenye uzio mmoja zinazo. Ziwani bado mageti mengi yanafunguliwa na mlinzi kwa mkono. Lakini nyumba za wageni, ofisi na nyumba za waliorudi na akiba zinazidi kuziweka. Na kwa kuwa ni chache, mafundi wake ni wachache zaidi. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Hebu tuangalie ni nini hasa kilichotokea mwaka ule. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Zambia hupata sehemu kubwa kabisa ya umeme wake kutokana na maji, na Ziwa Kariba lilikuwa limepungua vibaya. Machi mwaka huo shirika la umeme, ZESCO, lilianza mgawo wa saa 8 kwa siku. Kabla ya mwaka kwisha, yapo maeneo yaliyokuwa yakipata umeme saa tatu tu kwa siku, na mengine siku nyingine hayakupata kabisa.

Mota nyingi za geti za nyumbani zinazouzwa kusini mwa Afrika haziendeshwi moja kwa moja na umeme wa nguzo. Zinaendeshwa na betri ndogo ya volti 12, mara nyingi ya saa-ampea 7, na umeme wa nguzo kazi yake ni kuijaza tu. Zipo pia za volti 24 zenye betri mbili. Mpango huo ni mzuri pale umeme unapokatika kwa saa mbili au tatu. Haukufikiriwa kwa nchi inayokaa gizani saa 21.

Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme bodi, kipokea rimoti na macho ya usalama vinakula milliampea 100 muda wote, hata geti likiwa limelala. Kwa saa 21 hizo ni saa-ampea 2.1. Tuseme geti linafunguliwa na kufungwa mara 10, kila mwendo ukichukua sekunde 15 kwa ampea 5. Hiyo ni kama saa-ampea 0.4 tu. Jumla 2.5. Umeme ukirudi kwa saa tatu, chaja ndogo ya ampea 0.8 inarudisha 2.4, na betri ya risasi na asidi haihifadhi yote inayopewa. Kila siku deni linabaki. Baada ya wiki kadhaa betri imekauka, na ikikaa hivyo muda mrefu chumvi ya risasi inaganda kwenye sahani zake, haipokei tena chaji. Msomaji aone jambo moja hapo: kilichomaliza betri zaidi si kufungua geti. Ni kusubiri.

Kwa hiyo geti linapogoma baada ya mgawo mrefu, mtuhumiwa wa kwanza ni betri, ambayo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya mota nzima. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7. Ikisoma chini ya 12 inadai chaji. Ikijazwa usiku kucha kisha ikaanguka mara tu geti linapoanza kusogea, imekwisha. Kipimo cha kujua haya kinauzwa sokoni kwa bei ya kuku wachache. Fundi asiyekuwa nacho anakisia, na anayelipia makisio hayo ni mwenye geti.

Mtuhumiwa wa pili ni geti lenyewe. Achia mota kwa ufunguo, usukume geti kwa mkono. Kama mtu mmoja analisukuma kwa shida, basi magurudumu yamekwisha, reli imejaa mchanga au imepinda. Ukifunga mota mpya hapo, unaipeleka ikafie palepale ilipofia ya kwanza. Pwani ya ziwa ina mchanga na unyevu, na vyote viwili ni adui wa beringi.

Wa tatu ni radi. Luapula ni mkoa wa mvua nyingi na radi kali. Radi ikipiga karibu huingia kwa waya wa umeme ikaunguza bodi, huku mota na gia vikibaki vizima. Bodi hubadilishwa peke yake. Wa nne ni wadudu: sisimizi na mijusi hupenda joto la bodi, wakaleta shoti. Kuziba matundu ya nyaya ni kazi ya dakika kumi.

Je, kuna wakati wa kubadilisha mota yote? Upo. Gia zikiwa zimesagika na vipuri vyake havitengenezwi tena, badilisha. Koili zikiungua zikanuka, badilisha. Ukikuta mota ya geti la kilo 400 imefungwa kwenye geti la kilo 700, badilisha, tena uweke ya saizi inayofaa. Ninachopinga ni kuanzia mwisho.

Sasa nije kwa ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani. Lipo neno linalozunguka vijiweni kwamba mzigo mdogo wa chini ya dola 2,000 za Marekani unapita bila ushuru kwa utaratibu rahisi wa COMESA. Neno hilo ni nusu ya ukweli. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizotoka katika nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa kati ya nchi mbili. Mota iliyotengenezwa China au Afrika Kusini haiwi ya COMESA kwa kuwa imenunuliwa Lusaka, maana hata Afrika Kusini si mwanachama. Wala kupitishwa bandari ya Dar es Salaam hakuipi nafuu hiyo, na Tanzania yenyewe ilijitoa COMESA mwaka 2000. Anayevusha maboksi matano kwa kuamini neno la kijiweni, akikamatwa, hapotezi faida tu. Hupoteza mzigo na wakati mwingine nauli ya kurudia. Uliza forodha kabla ya kununua, dai risiti ukilipa, na uitunze.

Lakini nawaambia pia kwamba faida nono haimo kwenye maboksi. Mteja wa boksi unamwona mara moja. Mteja wa betri, gia, magurudumu, rimoti na matengenezo unamwona kila mwaka. Yule kijana wa Pweto aliondoka Kashikishi na oda tatu za betri kutoka nyumba za jirani, bila kuvusha mota hata moja. Na inapofika Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa ziwani na biashara ya samaki kulala, geti halina msimu.

Upande wa Pweto jambo hili ni zito zaidi. Kambi za Kala na Mwange zilifungwa mwaka 2010 baada ya maelfu ya Wakongo kurudi kwao. Wengine wakakimbia tena mwaka 2017, wakapokelewa Nchelenge, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Desemba 2021 misafara ya kurudi Pweto kwa hiari ikaanza. Mtu aliyepoteza nyumba mara mbili akijenga ya tatu, geti kwake si fahari. Ni usingizi. Lakini umeme wa nguzo asiutegemee. Huyu anahitaji mota ya volti 12 na paneli ya sola. Paneli ya wati 20 yenye kidhibiti chaji, kwa jua la saa tano, hurudisha kama saa-ampea 5 kwa siku. Hesabu yetu ya juu ilihitaji 2.5. Hata siku ya mawingu anapumua.

Na anayenunua mota iliyotumika ajihadhari na jambo moja. Kumbukumbu ya rimoti za zamani mara nyingi hubaki ndani ya bodi. Usipomwambia fundi azifute zote na kusajili zako upya, umejenga ukuta na kumwachia ufunguo mtu usiyemjua.

Yote haya yanahitaji mafundi, na hapa ndipo serikali inapohusika. Tangu mwaka 2022 Zambia imeongeza sana Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo, kutoka Kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na kiwango hicho kimepanda zaidi miaka iliyofuata. Sehemu ya fedha hizo ni ya kuwalipia vijana mafunzo ya ufundi. Vijana wengi huomba udereva, ushonaji na ujenzi. Si vibaya. Lakini baada ya ukame wa 2024, kila wilaya inahitaji vijana wanaojua betri, sola, chaja na mota ndogo. Fundi wa namna hiyo hatatengeneza mageti tu. Atatengeneza pampu ya maji, friji ya sola ya muuza samaki na taa ya zahanati. Kamati za majimbo ya ziwani zingefanya jambo la maana kuitia fani hiyo katika orodha zao, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi, TEVETA, iwatahini na kuwapa vyeti hata wale waliojifunzia mitaani. Mteja akiona cheti, mkisiaji atakosa kazi.

Wapo watakaoniambia kwamba mota za geti ni anasa ya wenye nacho, na ziwani kuna shida kubwa kuliko hiyo. Nakubali shida ni nyingi. Lakini Kwacha inayotoka Nchelenge kwenda kununua mota ambayo haikuhitajika ni Kwacha ambayo haikumlipa kijana wa Nchelenge. Na geti lililogoma usiku halichagui nani yuko ndani. Usiku ule lilimfungia mtoto.

Kabla sijaondoka nilimkuta mama mwenye nyumba akimkabidhi mlinzi ufunguo wa kuachia mota, ameufunga kwa uzi mwekundu. Akamwonyesha tundu la kuuingiza, akamwambia azungushe na kusukuma. Mlinzi akajaribu mara mbili, geti likaenda. Mtoto wa yule mgeni alikuwa amerudi kutoka hospitali asubuhi ile, amelala kifuani kwa mama yake.

Msomaji mwenye geti la umeme, leo jioni kabla giza halijaingia, jiulize ufunguo wako uko wapi.