Kiingereza cha Watoto Wetu Kisipitishwe kwa Kifaransa



Naomba nafasi nitoe kero ya sisi wazazi wa Kabambare, mkoani Maniema. Watoto wetu wanasoma Kiingereza miaka kadhaa ya sekondari, wanapata diploma ya Serikali, lakini akija mgeni anayesema Kiingereza wanaishia kwenye salamu.

Msiwasingizie watoto uvivu. Ingieni darasani muone. Kitabu ni kimoja, na anacho mwalimu. Nusu ya kipindi inakwisha yeye akiandika somo ubaoni na wanafunzi wakinakili, hakuna anayefungua kinywa. Ubao ukijaa, maelezo yanaanza, tena kwa Kifaransa. Yaani mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili, au Kibangubangu nyumbani na Kiswahili sokoni, anafundishwa lugha asiyoijua kwa lugha ambayo bado inamtoa jasho.

Tazameni nyakati za vitenzi, ambapo wengi wanakwama. Kiingereza kinatenganisha "I ate" na "I have eaten". Kifaransa cha kila siku kinatumia "j'ai mangé" kwa yote mawili, kwa hiyo mwalimu anaeleza weee, mtoto haoni tofauti iko wapi. Na Kiswahili tofauti hiyo kinayo: nilikula, nimekula. Hazilingani kila mahali, lakini mtoto wa hapa angepata pa kuanzia. Badala yake, akijibu kwa Kiswahili anakemewa.

Hili linaniuma kwa sababu sheria haikatazi. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 imezipa lugha hizo nafasi katika kufundishia. Kwa nini basi huku sekondari mwalimu wa Kiingereza aone aibu kutumia lugha ambayo darasa zima linaielewa?

Mtihani nao unachangia. Katika mtihani wa Serikali, Kiingereza ni kusoma maandishi na kuchagua herufi ya jibu. Kifaransa kina mtihani wa kusema kwenye hors-session, yaani sehemu inayofanywa kabla ya mtihani wenyewe; Kiingereza hakina. Mwalimu afanye nini? Anawazoeza watoto maswali ya miaka iliyopita, maana prefe, yaani mkuu wa shule, na sisi wazazi tunahesabu waliofaulu. Simlaumu. Wako walimu wasioingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, wanaishi kwa fedha tunazochanga, kwa kuwa elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi tu. Na waliosomea Kiingereza hasa ni wachache huku. Mara nyingi somo anapewa yeyote aliyepungukiwa saa kwenye ratiba.

Tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wetu wanafika Kigoma na Dar es Salaam, wanaelewana na kila mtu kwa Kiswahili mpaka zitokee karatasi za Kiingereza. Hapo wanamtafuta mtu wa kuwasomea, naye anataka malipo. Kijana mwenye diploma ya Serikali angeweza kuifanya kazi hiyo kwa ajili ya baba yake, laiti angefundishwa vizuri.

Ninaomba wizara ya elimu, inapopitia programu ya Kiingereza, iwaite pia walimu wa Kasongo na Kabambare, iwaruhusu waziwazi kueleza sarufi kwa Kiswahili, na itoe vitabu vyenye maelezo ya Kiswahili kwa mikoa inayokisema. Vitabu hivyo visiishie Kindu, makao makuu ya mkoa. Barabara ni mbovu, lakini pikipiki zinafika hapa na mizigo kila wiki. Na kusema Kiingereza kupewe alama zake katika mtihani, hata kama ni chache. Bila alama, hakuna shule itakayotenga saa ya mazungumzo.

Wakaguzi watakapokuja Septemba masomo yakianza, wasikague madaftari tu. Wamsimamishe mtoto mmoja, wamwombe aeleze kwa Kiingereza anakotoka na kazi ya mama yake, kisha waandike kwenye ripoti walichosikia.

Mzazi,
Kabambare, Maniema