Hereni ya Sikioni Si Cheti cha Afya ya Ng'ombe

Katika minada ya Musoma, Bunda na Butiama, bei ya ng'ombe hupangwa kwa macho: umbo, umri na unono. Afya hukumbukwa baadaye, mnyama akishafika zizini na kuanza kukohoa.

Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Bariadi Juni 16, 2025, ni hatua nzuri. Mchango wa mfugaji ulipangwa kuwa shilingi 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi au kondoo. Kwa ng'ombe 10 ni shilingi 5,000 tu, na asiyechanja kwa bei hiyo hana sababu. Sotoka, iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na silaha kubwa ilikuwa chanjo.

Hata hivyo, mnunuzi asidanganywe na hereni. Chanjo ya ng'ombe katika kampeni hiyo ni ya homa ya mapafu. Haizuii ndigana kali, inayoletwa na kupe, wala ugonjwa wa miguu na midomo, unaoenea kwa mifugo kugusana, kwa malori na hata kwa viatu vya wachungaji. Aidha, Bunda inapakana na Serengeti, ambako nyumbu huweza kuwaambukiza ng'ombe ugonjwa usio na tiba.

Kinga ya ndigana kali na ya miguu na midomo iko mikononi mwa mwenye mali: josho kila wiki, na zizi la pembeni kwa kila mnyama mgeni kwa siku 21. Dalili za miguu na midomo kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku 14, na za ndigana kali ndani ya wiki moja hadi tatu. Malisho ya siku hizo ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kuambukiza kundi zima.

Tatizo ni kwamba soko halimlipi anayejali. Mchinjaji hana haja ya kusubiri, kwa hiyo mgonjwa na mzima huuzwa bei moja, na mwenye ng'ombe mgonjwa hukimbilia mnadani kuokoa fedha zake. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003 inataka ugonjwa utolewe taarifa na mifugo isafirishwe kwa kibali, lakini sheria peke yake haitoshi.

Dawa iko kwa wanaonunua mitamba na ng'ombe wa kunenepesha. Kabla ya kutaja bei waulize mambo matatu: mnyama ameogeshwa lini, amechanjwa nini, na ametoka kijiji gani. Mwenye majibu na kibali aongezewe bei. Asiye nayo aachiwe ng'ombe wake.