Bukavu Mpya Ianzie Mahali Pasipojengwa

Anayetaka kujenga Bukavu leo hapotezi muda kutafuta kiwanja mjini. Anashika barabara ya Kavumu na kuteremka Mudaka au Miti, au anaelekea upande wa Mumosho na Nyantende, na huko anapimiwa parseli katikati ya migomba na mihogo. Mji unaokadiriwa kuwa na zaidi ya watu milioni moja umekwisha kumwagikia nje ya komini zake tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira. Ndiyo maana hamu ya kupata mtaa mpya uliopangwa vizuri, wenye nyumba, maduka, shule na bustani kwa pamoja, haiishi. Mimi pia nina hamu hiyo. Ninachopinga ni kuanza kuuchora kwa kuhesabu nyumba. Kwa ardhi tuliyo nayo, mchoro unapaswa kuanza na sehemu ambazo hazitajengwa kamwe, na sehemu hizo zisajiliwe kisheria kabla parseli ya kwanza haijauzwa.

Ushahidi uko katikati ya mji, kwenye mteremko wa Funu. Makumi ya maelfu ya watu wanaishi juu ya poromoko kubwa la kale ambalo halijawahi kutulia. Ardhi inatambaa polepole, kuta zinapasuka, mlango uliofungwa vizuri mwaka jana leo unagoma, bomba la maji linakatika na kurekebishwa na kukatika tena. Watafiti waliolinganisha picha za angani za miaka ya 1940 na picha za satelaiti za siku hizi walichapisha matokeo yao mwaka 2022 katika jarida la Nature Geoscience: mwendo wa ardhi hiyo umeongezeka kasi kadiri mji ulivyojengwa juu yake. Maji yana sehemu kubwa katika kisa hiki. Bati halinywi mvua. Maji yaliyokuwa yakienea shambani na kuzama kidogo kidogo sasa yanakusanywa na mapaa na vichochoro, yanaungana na yale yanayovuja kwenye mabomba, kisha yanaingia ardhini kwa nguvu mahali pamoja. Kumbe hatukujenga tu mahali pa hatari. Tuliiongeza hatari kwa kujenga.

Kwa hiyo ninaposema eneo la kijani, sisemi maua ya kupigia picha za harusi. Nasema korongo lililoachiwa miti na matete ili maji ya Septemba hadi Mei yapite bila kubomoa ukuta wa mtu. Nasema uwanja ambao familia zitakimbilia moto ukiwaka. Wakazi wa Kadutu wanajua maana ya neno moto: nyumba za mbao zimegusana ukuta kwa ukuta, kiangazi kinafika, kibatari kinaanguka, na gari la zimamoto halina pa kupita. Nasema pia nafasi ya kukusanyia taka kabla hazijaingia mtoni. Marundo ya plastiki tunayoyaona yakielea mbele ya mitambo ya umeme ya Ruzizi I, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yametoka kwenye mifereji ya mitaa yetu, na taa inapozimika nyumbani, sehemu ya sababu ni chupa tulizozitupa wenyewe.

Mji huu umewahi kupangwa, na mpango wake ulikuwa na dhambi. Wabelgiji walioanzisha kituo hapa mwaka 1901, na walioupa mji jina la Costermansville kuanzia 1927 hadi 1954, walijiwekea Ibanda na rasi zinazoingia ziwani. Mwafrika aliwekwa Kadutu na baadaye Bagira, mbali na macho. Athari ipo hadi leo: mtoto wa Nyamugo, kule Kadutu, analiona Ziwa Kivu kila asubuhi kutoka mlimani, lakini ufuko karibu wote umefungwa kwa kuta za watu binafsi, na mahali pa yeye kukaa tu, kutazama maji bila kununua soda, ni pachache mno. Mtaa mpya wowote utakaogusa maji, liwe ziwa au kijito, uanze kwa kuwarudishia watu ukingo wake.

Hata hivyo nenda Bagira ukatazame. Nyumba zilizojengwa miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, shirika lililoundwa mwaka 1952, bado zimesimama kwa mistari, na njia kati yake bado zinapitika. Waliozichora waliamua kwanza wapi pawe soko, wapi pawe shule, wapi pawe uwanja. Nia yao ilikuwa ubaguzi, ila utaratibu wa kazi ulikuwa sahihi, na ni aibu kwamba baada ya uhuru tuliuacha utaratibu huo pamoja na ubaguzi wake. Kosa moja tu la Bagira tusilirudie: ilitengwa iwe ya kulala. Ajira, ofisi na biashara kubwa zilibaki kwingine. Ukijenga mtaa wa kulala huko Mudaka, umeongeza msururu wa teksi na pikipiki zinazosukumana kila asubuhi kuingia mjini, na umemlazimisha mama muuza ndizi alipe nauli mara mbili kwa faida ya siku moja. Duka liwe chini na chumba juu, seremala na fundi cherehani wawe na vibanda mtaani, zahanati na shule ziwe umbali wa kutembea. Wakazi wa Bukavu wanaishi hivyo tayari bila kuruhusiwa na yeyote. Mpango uwape tu nafasi na mfereji.

Suala gumu kuliko yote ni ardhi yenyewe, na hapa ndipo michoro mizuri huwa kimya. Mashamba yanayozunguka Bukavu hayako wazi. Katika mila ya Bushi, yaani nchi ya Washi inayouzunguka mji, mwenye kalinzi amepata haki ya kudumu, inayorithiwa, baada ya kutoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wa eneo. Mwenye bwasa amekodi kwa msimu, haruhusiwi kupanda migomba wala miti, na mara nyingi ni mwanamke anayelima maharage na mboga kulisha nyumba. Juu ya yote kuna sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inayosema ardhi ni mali ya Dola, huku ikiahidi agizo la kufafanua haki za kimila ambalo kwa miongo mingi halikutolewa. Mwenye kalinzi akimuuzia mtu wa mjini, analipwa. Mtu wa mjini anakwenda kadastre kutafuta hati. Mama wa bwasa anaambiwa avune haraka.

Mtaa mpya unaweza kumtendea haki mama huyo. Mabonde yenye unyevu, ambayo hayafai kujengwa hata kidogo, yabaki bustani za mboga chini ya ushirika wa wanawake waliokuwa wakiyalima, kwa mkataba wa miaka mingi ulioandikwa. Eneo hilo litanyonya mvua na pia litalisha soko la mtaa, na wenye bustani watakuwa walinzi wake wa kwanza, maana wanaotegemea udongo kwa chakula hawakubali mtu achimbe msingi usiku.

Kuna watakaouliza kama huu ni wakati wa kuzungumzia bustani. Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa kundi lenye silaha la AFC/M23, na hati inayotolewa na upande mmoja leo inaweza kukataliwa na upande mwingine kesho. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito wote. Lakini vita havijasimamisha ujenzi. Watu waliokimbia vijiji vyao wanahitaji paa, na makorongo yanauzwa vilevile. Amani ikifika itakuta mitaa ya Funu mingine kumi.

Wengine watanionyesha Kigali, ambako bonde lililoharibika la Nyandungu, zaidi ya hekta 120, lilifunguliwa Julai 2022 likiwa bustani ya umma. Najua jinsi kulitaja jina la Kigali kunavyouma Bukavu hivi sasa, kwa sababu ya vita hivi. Kazi ya kitaalamu pale ni nzuri. Bei yake kwa maskini inahitaji kutazamwa: mwishoni mwa 2019 familia nyingi ziliondolewa katika mabonde ya mji huo, na malalamiko kuhusu fidia yalisikika. Kuwaacha watu wajenge bondeni kisha kuwabomolea ni ukatili wa mara mbili, na dawa yake ni kuliweka bonde wazi mapema. Nairobi inatufundisha upande mwingine. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga kujengwa kwa jengo refu ndani ya Uhuru Park, alikuwa na kitu cha kusimamia: bustani ilijulikana na kila mtu kuwa ya umma.

Bukavu haina ramani ya maeneo ya umma ya namna hiyo mikononi mwa wakazi. Machifu wa vijiji vya Kabare, mashefu wa avenyu, parokia, vyama vya wakulima na wapimaji wa kadastre wanaweza kuanza bila kusubiri fedha za mtu: kutembea makorongo na mabonde yanayokaribia kuuzwa, kuweka mawe ya mpaka, kupanda miti inayoonekana kuwa ni mstari, na kubandika ramani kanisani, msikitini na sokoni ili asiwepo mnunuzi atakayesema hakujua. Nakala za ramani hiyo zihifadhiwe na watu wengi, upande wowote utakaoshika muhuri.