Kichaa cha Mbwa: Funzo la Pemba na Gharama ya Kuruka Mwaka Mmoja wa Chanjo

Kisiwa cha Pemba kimelazimika kuutokomeza ugonjwa wa kichaa cha mbwa mara mbili. Ushindi wa kwanza ulipatikana mwaka 2014, kufuatia kampeni za kuchanja mbwa. Mwaka 2016 ugonjwa ulirejea. Watafiti waliofuatilia matukio ya watu kuumwa na kulinganisha vinasaba vya virusi walibaini kwamba virusi hivyo viliingizwa mara mbili kutoka nje ya kisiwa. Kichaa cha mbwa hakivuki bahari chenyewe. Huvushwa na binadamu, pamoja na mnyama wake. Chanjo za kila mwaka ziliporejeshwa, mlipuko ulizimwa Oktoba 2018.

Tukio hilo linaonesha ugumu halisi wa kinga hii. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo lenye ugonjwa. Kiwango hicho kinafikika, lakini hakidumu. Mbwa wengi vijijini huishi miaka michache tu, na kila msimu huzaliwa watoto ambao hawajapata kinga. Kijiji kilichofikia lengo mwezi Juni kinaweza kuwa chini yake kabla ya Juni inayofuata, ingawa hakuna aliyezembea. Halmashauri inayoruka mwaka mmoja kwa sababu ya bajeti hujikuta ikianza karibu na mwanzo.

Ipo pia dhana iliyozoeleka miongoni mwa wafugaji kwamba mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi mitatu hapaswi kuchanjwa. Matokeo yake, siku ya kampeni mbwa mkubwa hupelekwa kwa kamba na watoto wake wakaachwa nyumbani, ilhali hao ndio wanaochezewa na watoto wa familia. Mwongozo wa kimataifa unataka nao wachanjwe. Paka vilevile huambukizwa na huuma, lakini mara nyingi husahaulika.

Baadhi ya jamii hukimbilia kuua mbwa wanaozurura. Hatua hiyo inaeleweka pale hofu inapotanda, lakini haijathibitika kumaliza ugonjwa: mbwa waliokwisha kuchanjwa huuawa pamoja na wengine, na nafasi yao huchukuliwa na wageni wasio na kinga.

Duniani, ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takribani asilimia 40 ya waathirika ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu maambukizi yote kwa binadamu hutokana na mbwa. Aliyeumwa anapaswa kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kuwahi kituo cha afya ili kupata dozi za chanjo zinazotolewa kwa siku tofauti. Kwa familia inayoishi mbali na hospitali, hiyo ni nauli ya safari kadhaa na siku za kazi zilizopotea. Dalili zikishajitokeza, tiba haipo na kifo ni karibu hakika.

Hapa ndipo penye kiini cha suala la kisera. Chanjo ya mbwa huhesabiwa katika fungu la mifugo. Chanjo ya aliyeumwa huhesabiwa katika fungu la afya, au mfukoni mwa mzazi. Anayebana matumizi upande wa kwanza haoni hasara inayojitokeza upande wa pili. Dhana ya Afya Moja, ambayo nchini Tanzania ina dawati lake la uratibu chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inalenga kuziba pengo hilo, ila utekelezaji wake hupimwa katika kata, pale afisa mifugo anapokuwa na dozi za kutosha, jokofu linalofanya kazi na usafiri wa kufika kitongoji cha mwisho. Kitongoji kimoja kikiachwa, virusi huendelea kuzunguka humo hata kama wastani wa wilaya unapendeza.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa Septemba 28, na lengo la kimataifa ni kutokuwa na kifo cha binadamu kitokanacho na mbwa ifikapo mwaka 2030. Kampeni nyingi hupangwa kuzunguka tarehe hiyo. Mtoto wa mbwa atakayezaliwa Oktoba atasubiri takribani mwaka mzima, isipokuwa mwenye naye ampeleke mwenyewe kwenye ofisi ya mifugo.