Shahada ya uuguzi nayo ivuke mpaka

Mfanyabiashara anayevusha vitunguu Namanga anaujua utaratibu. Mzigo ukiwa umelimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, anapata cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani na halipi ushuru wa forodha. Tozo nyingine zinaweza kuwapo, lakini karatasi hiyo inakubalika pande zote mbili.

Binti yake muuguzi hana karatasi ya namna hiyo. Aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania hawezi kuvuka asubuhi akaanza kuhudumia wagonjwa Kajiado. Lazima aombe upya kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, aonyeshe alichosoma na mazoezi aliyofanya wodini, kisha alipe ada na kusubiri.

Kwa hiyo, vyuo vikuu viwili vya nchi jirani vinapoungana kutoa shahada ya uuguzi, jambo hilo linamhusu pia mama wa sokoni. Karo inatoka kwenye meza yake.

Ubia wenyewe ni mzuri. Chuo kimoja kina walimu, kingine kina hospitali yenye wagonjwa wa kutosha kwa mazoezi. Muuguzi mwenye stashahada anaweza kujiendeleza bila kuacha kazi. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza mafunzo ya namna hiyo Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2001. Lakini hicho ni chuo kimoja. Vikiwa viwili, maswali yanaongezeka: cheti kinatolewa na nani? Mazoezi yaliyofanyika ng'ambo yanahesabiwa? Baraza lipi limeupitisha mtaala?

Kulipa karo kabla ya majibu hayo ni kupakia lori bila kujua masharti ya upande wa pili. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, wenye malori waliokwama mpakani walijua uchungu wake. Njia ilifunguliwa pale masharti ya ubora yalipowekwa wazi.

Mabaraza hayana kosa kukagua. Dawa ikizidishwa, anayeumia ni mgonjwa. Ila ukaguzi ufanyike mwanzoni, juu ya mtaala, badala ya kumsubiri kila mhitimu mlangoni. Vyuo visisaini ubia kabla mabaraza ya nchi zote mbili hayajaupitisha kwa maandishi, na maandishi hayo yaonyeshwe kwa kila anayeomba nafasi.

Msingi upo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama katika Ibara ya 11 kutambuliana sifa za elimu na taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walishawekewa makubaliano yao. Daktari wa ng'ombe amepata njia. Anayemzalisha mama wa kijijini mpakani naye anastahili.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vilipigania cheti cha kitunguu. Vina sababu ileile ya kuipigania shahada hii, na hadi hapo, mzazi asihesabu noti zake kabla ya kuona barua mbili: moja ya baraza la huku, nyingine ya baraza la kule.