Malalamiko ya mdomo nayo ni malalamiko

Katika vituo vya afya vya Goma, toka Majengo mpaka Ndosho, si ajabu kukuta kisanduku ukutani kimeandikwa kwa Kifaransa: « Boîte à suggestions ». Kina kufuli. Lakini ufunguo uko kwa nani? Pale unapokuwa kwa titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, mama aliyetozwa pesa bila risiti atamshitaki titulaire huyo kwa nani?

Tena ni lazima aandike. Mama aliyekuja usiku na mtoto mwenye homa kali, akaambiwa alipe kwanza, hana kalamu mkononi, na pengine hajui Kifaransa. Anachukua hasira yake na kwenda kumwelezea jirani. Wanaosema watu wa Goma hawalalamiki hawajapanda teksi ya kutoka Birere. Watu wanalalamika kila siku, ila hawalalamiki mahali panapoandikwa.

Kukataa neno la mdomo kulishaleta maafa katika jimbo hili. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wanawake wa Beni na kwingineko walidaiwa ngono ili wapewe kazi. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani (OMS) ilitoa ripoti Septemba 2021: watuhumiwa 83, kati yao 21 waliajiriwa na OMS yenyewe. Tume hiyo iliona pia kwamba malalamiko yasiyoandikwa yalikuwa yakikataliwa. Wenye pesa nyingi na magari mengi walishindwa kumsikiliza mtu aliyekuja na mdomo wake tu.

Katiba ya 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na kujibiwa ndani ya miezi mitatu, bila kushitakiwa kwa ajili hiyo. Lakini tangu M23 ilipochukua mji mwishoni mwa Januari 2025, hata kujua mamlaka gani itajibu ni fumbo. Ndiyo maana inafaa kuanzia karibu, kwenye CODESA, kamati ya wakaaji katika kila eneo la afya. Ufunguo ukae kwa mwenyekiti wake, si kwa titulaire. Na awepo mtu mmoja, reko wa kata kwa mfano, anayesikiliza kwa Kiswahili na kuandika katika daftari bila kutaja jina la mgonjwa.

Jina ni jambo zito. Mgonjwa anayezuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, desturi inayojulikana kote Kongo, hawezi kumlalamikia yule anayelinda mlango. Na anayejua kwamba atarudi kuzalia pale pale mwezi ujao, naye atanyamaza.

Wauguzi wataona daftari kama fimbo ya kuwachapia. Wasiwasi wao unaeleweka: wengi wanafanya kazi bila mshahara wa serikali, wanaishi kwa kile mgonjwa anacholipa. Lakini malalamiko kumi juu ya dawa zilizokwisha hayamhusu muuguzi, yanahusu ofisi ya zone ya afya, na yakiandikwa titulaire anaweza kuyapeleka huko mwenyewe. Yakibaki kwenye teksi, lawama inabaki kwake.