Chungu kilichotumika kioshwe kwanza

Kila mvua zinapokaribia, vyungu vya msimu uliopita hutolewa nyuma ya nyumba. Vinakung'utwa mara mbili tatu ukutani, vinajazwa udongo, na mbegu inapandwa siku hiyohiyo. Miche ikianza kuanguka lawama zinamwendea aliyeuza mbegu. Chungu hakuna anayekiuliza.

Msimamo wetu ni huu: chombo chochote kilichowahi kubeba mmea, kiwe chungu cha udongo, trei ya plastiki, ndoo ya rangi au kopo la maziwa, kioshwe kabla ya kupandwa tena. Kwa miche michanga, na hasa jamii ya nyanya, jambo hili halina mjadala.

Tope kavu lililoganda kwenye kona za chungu lina wakazi wake. Vimelea vya kinyausi hukaa humo vikiwa vimelala, na vikipata maji huamka. Mche unaoonekana mzima jioni, asubuhi umelala chini. Ukiuinua utaona shina limelainika na kusinyaa kama uzi pale linapogusana na udongo. Kuna minyoo fundo, ambayo mayai yake hubaki kwenye vipande vya mizizi ya zamani. Na kuna mnyauko bakteria, adui mkubwa wa nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo. Ukiushuku, kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, jibu umelipata. Mmea huo hauna dawa ya kuuponya, na chombo ulichopandwa kisipewe mwingine kabla ya kusafishwa kikamilifu.

Wapo wanaosema mmea huishi kwenye udongo, basi uchafu wa nini tena? Hoja hiyo inafaa shambani, ambako udongo una viumbe wengi wanaobanana na kuzuiana. Chungu ni nafasi finyu, maji hutuama kwa urahisi, mizizi haina pa kukimbilia. Tena wakulima wa zamani hawakupuuza usafi wa kitalu: walichoma nyasi na matawi makavu juu ya tuta kabla ya kusia mbegu, ili moto uue magonjwa na magugu.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Kung'uta udongo wote, chomoa mizizi iliyonasa kwenye matundu ya chini, kisha sugua kwa brashi, maji na sabuni. Hatua hii isirukwe, kwa sababu jiki ikikutana na tope huishiwa nguvu kabla haijafika kwenye vimelea. Ndipo uloweke. Jiki nyingi za madukani kwetu zina nguvu ya asilimia 3.5; chukua sehemu moja, ongeza sehemu sita za maji, nawe umepata asilimia 0.5, kipimo kilekile kinachotumika kusafishia vifaa hospitalini. Dakika 10 zinatosha kwa plastiki. Chungu cha udongo hunywa maji, kwa hiyo kipe muda zaidi, na ukisuuze vizuri zaidi. Changanya ya siku hiyo tu, maana ikilala hupungua makali. Kisha anika juani hadi vikauke kabisa.

Ule ukoko mweupe kwenye vyungu vya udongo si ugonjwa. Ni chumvi za mbolea na za maji ya kisima. Siki huutoa. Lakini siki na jiki visikutane kamwe kwenye beseni moja, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Ukitumia kimoja, suuza kwanza kabla ya kutumia kingine.

Hatusemi kila chungu kiogeshwe kama kifaa cha upasuaji. Mshubiri wenye afya unaohamia chungu kikubwa zaidi unatosheka na brashi na sabuni. Bidii yako iweke kwenye vyombo vya kusia mbegu na kwenye kile ambacho mmea wake wa mwisho ulikufa bila sababu kujulikana. Vyombo vilivyobeba viuatilifu tuviache kabisa. Havifai kupandia mboga hata vikioshwa vipi.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la mtu kuosha chungu mpaka kinang'aa, halafu akakirudishia udongo uleule uliomuua mche wa jana. Hapo amepoteza maji na sabuni. Udongo wa mmea uliougua upelekwe mbali na bustani. Ule unaotaka kuutumia kwa kitalu uloweshe, uufunike kwa plastiki inayopitisha mwanga, kingo zikandamizwe vizuri, uuache kwenye jua kali kwa wiki 4 hadi 6.

Mzigo mkubwa zaidi wako nao wauza miche. Chungu kichafu cha nyumbani humtia hasara mwenye nyumba mmoja. Trei chafu ya kitalu cha biashara hupeleka ugonjwa kwenye mashamba ya watu wengi kwa siku moja, na mnyauko bakteria ukishaingia ardhini hukaa miaka. Mkulima aliyeununua mche huo hataweza kuurudisha dukani pamoja na shamba lake. Kuosha trei kila zinaporudi kuwe sehemu ya kazi ya kitalu, na mabwana shamba wanaopita kukagua miche wakague na vyombo vyake.

Nawe mnunuzi, kabla hujatoa fedha, inua trei uitazame chini na pembeni. Ikiwa ina tope kavu la msimu uliopita, iache hapo ilipo uende kwa mwingine.